Rada ya Makarao: Vile Inasoma Spidi Yako, na Mbona Vifaa vya Kuihepa Haviwezi Kukuokoa Lodwar–Kakuma

Mtaani ukiulizwa "rada?" unajibu "iko fiti" na maisha inaendelea. Lakini kuna rada ingine, ile karao ameshika akiwa amejibanza kando ya lami, na hiyo haikuulizi hali. Inakusoma tu, na ukisimamishwa namba iko kwa skrini. Hapa tumekuwekea kila kitu: inafanya aje, sheria inasema nini, na hizo vifaa madere wanauziana zinasaidia ama ni kuchoma doo.

Kwanza, mbona hii stori ni ya Turkana

Kitambo ukitoka Lodwar kwenda Kakuma, spidi haikuwa stori. Ile lami ya Kitale–Lodwar iliyojengwa na pesa za Norway miaka ya 80 ilikuwa imeisha, imebaki mashimo. Dere alikuwa anaiacha kabisa, anapita kando kwa mchanga. Halafu A1 ikajengwa upya hadi huko Nadapal kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2015. Sasa ni lami safi, imenyooka, kona ni za kuhesabu. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na Probox inataka kuzimaliza kama imeibiwa.

Ukikata kuelekea Kerio hiyo shida haiko sana, huko mchanga wenyewe ndio gavana. Shida ni kwa lami. Mbuzi na ngamia hawakuambiwa barabara ilitengenezwa. Bado wanavuka vile walikuwa wanavuka.

Sheria inasema nini

- Matatu na lori: mwisho 80 kwa saa, popote.
- Gari la kibinafsi: 100 kwa barabara ya njia moja kama hii ya Lodwar, 110 kwa ile imegawanywa katikati.
- Ndani ya mji au senta: 50. Lodwar town na Kakuma zimo, usijifanye hukuona.

Faini za papo hapo zilichapishwa 2016. Ukipitisha kwa kilomita 1 hadi 5, ni onyo. 6 hadi 10, soo tano. 11 hadi 15, thao tatu. 16 hadi 20, thao kumi. Ukipita hapo, hiyo ni ya hakimu.

Rada inafanya aje

Rada inarusha mawimbi ya redio, yanagonga gari lako yanarudi. Kama gari linakuja, mawimbi yanarudi yakiwa yamebanana kidogo. Ni kama king'ora cha ambulensi: ikikukaribia sauti inakuwa juu, ikikupita inashuka. Rada inayotumia gigahezi 24 ikikupata ukiwa 100, tofauti inayorudi ni kama mizunguko 4,470 kwa sekunde. Kompyuta ndogo ndani inageuza hiyo kuwa kilomita.

Leza ni tofauti. Inarusha mapigo ya mwanga usioonekana, inapima umbali wako mara nyingi ndani ya sekunde moja, inapiga hesabu ya vile umbali unapungua. Mwale wake ni mwembamba. Ukiwa mita 300, upana wake ni kama mita moja tu. Kwa hivyo karao anaweza kuchagua gari lako katikati ya mengine. Majirani Tanzania wanaita hizi mashine tochi, na jina limekaa.

Kitu kimoja wasee wengi hawajui: karao akisimama kando ya barabara, ile pembe inafanya mashine isome chini kidogo ya spidi yako halisi. Ukipimwa 96, usiseme umeongezewa. Pengine umepunguziwa.

Gavana, karao wa ndani ya gari

Kuanzia tarehe 1 Februari 2004, sheria za John Michuki zililazimisha matatu kufunga gavana ya 80. Gavana inasoma spidi kutoka kwa sensa, ikifika 80 inabana mafuta. Za kisasa zinarekodi pia, ndiyo maana kuichezea kunaacha alama. Na ukishikwa ukiendesha matatu haina gavana, ama ilichezewa, ni thao kumi. Swichi ya siri chini ya dashibodi si siri tena. Makarao wanajua mahali pa kupapasa.

Sasa, vifaa vya kuhepa

*Kinusa rada.* Ni redio ya kusikiliza masafa ya rada, ikiyasikia inalia. Kwa rada inayorusha muda wote inaweza kukuonya mapema, kwa sababu mawimbi yanasambaa mbali. Kwa leza, kikilia umeshapimwa. Ni kama kuambiwa mvua inakuja na wewe umelowa tayari. Halafu milango ya supamaketi na sensa za magari mapya zinatumia masafa ya karibu, so kinalia ovyo. Marekani majimbo mengi wanakubali kwa gari la kibinafsi, lakini Virginia ni marufuku.

*Kizima rada.* Hiki kinarusha mawimbi yake kuvuruga mashine. Kuwa makini sana hapa. Kenya, kutumia kifaa cha kurusha mawimbi bila laiseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa chini ya sheria ya 1998. Umetoka kwa faini ya thao tatu umeingia kwa kesi ingine kabisa.

*Apu kama Waze.* Inategemea madereva wengine waripoti. Nairobi wako wengi. Kati ya Lodwar na Kakuma kuna mahali network inapotea na wewe ndio gari pekee unaona. Nani ataripoti?

*CD kwa kioo na spreyi ya namba.* Bana, hizo ni mapambo. Rada inasoma bodi yote ya chuma, haisomi CD.

*Kuwashiana taa.* Hii ndiyo kifaa cha zamani kuliko zote na bado inashinda zote. Lakini fikiria: unamuokoa dere kutoka kwa karao, anapunguza kilomita mbili, halafu anakanyaga tena. Mbuzi haiwashi taa.

Hesabu ya mwisho

Lodwar–Kakuma ukiwa 80, ni saa moja na nusu. Ukiwa 120, ni saa moja. Kwa hivyo unapigania nusu saa.

Sasa cheki bei yake. Kwa lami kavu, breki fiti, dere hajalala, ukiwa 80 unahitaji kama mita 70 kusimama. Ukiwa 120 ni kama mita 130. Na ile nguvu ya kugonga haiongezeki nusu, inapanda hadi mara mbili na robo. Ngamia akitokea mita 90 mbele jioni jua likikupiga machoni, wa 80 anasimama, anapiga honi, anatukana kidogo, anaendelea. Wa 120 hasimami. Na hapo katikati ya jangwa, hospitali kubwa iko Lodwar ulikotoka.

Ukisimamishwa

Tulia, zima gari, salimia afande. Omba uonyeshwe namba kwa mashine, na uliza ilikupima ukiwa wapi. Jua pia hii: karao mmoja kusema tu "niliona ni kama ulikuwa mia na kitu" hakutoshi kukufunga mahakamani. Kama namba iko kwa mashine na ni yako, lipa kihalali, chukua risiti. Ya mkononi haina risiti, na kesho utalipishwa tena.

Na kama wewe ni abiria kwa hiyo mathree, una mdomo. Mwambie dere apunguze. Afadhali mchelewe chai Kakuma mkiwa wote kumi na wanne.