Swali la utafiti wa uzazi lisakwe wodini, si vitabuni pekee

MUUGUZI anayetaka kufanya utafiti kuhusu uzazi na watoto wachanga katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi hakosi mada. Anachokosa mara nyingi ni swali.

“Vifo vya kina mama katika mitaa ya mabanda” ni mada. Swali ni finyu zaidi, nalo lina jibu ambalo mtu mmoja anaweza kulitafuta kwa muda na fedha alizo nazo. Wanafunzi wengi wa uuguzi huwapelekea wasimamizi wao mada wakidhani wamepeleka swali, kisha miezi hupita wakirekebisha pendekezo lisilorekebishika.

Tuanze na hesabu, kwani ndiyo inayowakwaza wengi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 nao ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja.

Chukua basi mwanafunzi anayefuatilia kina mama 300 wanaojifungua katika kituo kimoja cha afya cha Kawangware. Kwa viwango hivyo vya kitaifa, atarajie kifo kimoja cha mama na vifo sita hivi vya watoto. Huenda vikawa pungufu, kwa kuwa mama anayepata matatizo huhamishiwa hospitali kubwa na jina lake hutoka katika daftari la kituo. Hakuna anayeweza kueleza chanzo cha vifo kwa kutazama kifo kimoja.

Afadhali aulize kuhusu jambo linalotokea kila siku na ambalo lafahamika kugusa uhai. Je, mtoto alinyonya katika saa ya kwanza, jinsi Shirika la Afya Duniani linavyoshauri? Joto lake lilipimwa mara ngapi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani? Maswali haya yaonekana madogo, lakini kwa kina mama 300 yana majibu.

Jambo la pili ni kutafuta mahali ambapo takwimu hazipatani. Mwaka 2014 asilimia 61 ya watoto nchini walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2022 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi asilimia 82, baada ya serikali kuondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma mnamo Juni 2013. Hata hivyo, vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vilishuka kutoka 22 hadi 21 pekee kwa kila 1,000.

Kina mama wamefika hospitalini. Mbona watoto wao hawajanufaika kwa kiasi hicho? Mwandishi huyu haoni sababu ya mwanafunzi mwingine tena kuuliza kwa nini wanawake hujifungulia nyumbani, ilhali maswali mengi zaidi sasa yako ndani ya wodi: uhaba wa wauguzi zamu ya usiku, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, saa zinazopotea akisubiri ambulensi.

Mfano mzuri ni utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu kuvuja damu baada ya kujifungua, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Watafiti hawakuuliza kama dawa za kuzuia damu zipo. Walianza na jambo ambalo kila mkunga analijua: damu hukadiriwa kwa macho, hivyo hatari hugunduliwa ikiwa imechelewa. Walitandika chini ya mama karatasi ya plastiki yenye vipimo na kuunganisha hatua za matibabu ziwe kitu kimoja. Waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 1.6, ikilinganishwa na asilimia 4.3 palipotumiwa utaratibu wa kawaida.

Tuseme muuguzi wa zamu ya usiku karibu na Kibera ameona kina mama wengi wakifika alfajiri uchungu ukiwa umekomaa. Anashuku kwamba walisubiri kupambazuke kwa kuogopa njia. Swali lake laweza kuwa hili: miongoni mwa wakazi wa Gatwekera na Laini Saba waliojifungua katika miezi mitatu iliyopita, je, walioanza uchungu usiku walikawia kufika kituoni kuliko walioanza mchana, na kwa saa ngapi? Sasa twajua ni nani anayeulizwa, analinganishwa na nani, na ni kipi kitakachopimwa.

Asiazime takwimu za mtaa mwingine. Utafiti uliofanywa Korogocho na Viwandani kati ya 2003 na 2005 ulikadiria vifo 706 vya kina mama kwa kila watoto 100,000. Idadi hiyo imenukuliwa mno kana kwamba ni ya kila mtaa wa mabanda. Aidha, Kibera ilidaiwa kwa miaka mingi kuwa na watu milioni moja, hadi sensa ya 2009 ilipohesabu takriban 170,000. Anayegawanya vifo kwa milioni moja atapata jibu la kufurahisha lisilo na ukweli.

Kuna pia maswali yanayomgusa muuguzi mwenyewe. Utafiti wa mwaka 2015 katika vituo 13 nchini ulibaini kuwa mwanamke mmoja kati ya watano alihisi kudunishwa alipokuwa akijifungua. Swali hilo lafaa kuulizwa Kawangware pia, lakini si na muuguzi aliyevaa sare, mama angali kitandani. Atajibu kwamba alitunzwa vyema. Mahojiano yafanywe baadaye, na mtu asiye wa kituo hicho, na mama ajue kwamba akikataa hatanyimwa huduma. Kamati ya maadili italidai hilo kabla ya mtafiti kuomba leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi.

Kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja wa pendekezo, muuguzi aombe ruhusa ya kufungua daftari la wodi ya uzazi na kuzipitia kurasa za mwezi mmoja. Akikuta safu ya joto la mtoto ni tupu katika nusu ya mistari, hataweza kuitegemea. Itambidi apime mwenyewe, au aulize kwa nini safu hiyo haijazwi.