Mzinga Mdogo wa Mzungu na Gobore la Kusini

Kuna jamaa huko Uingereza na Marekani ambao wakitoka kazini Ijumaa hawaendi baa. Wanajifungia gereji. Humo wana mashine ya kukereza, tupa, vipande vya shaba na chuma, na michoro ya mizinga ya vita vya zamani. Baada ya miezi kadhaa jamaa anatoka na mzinga unaoenea juu ya meza ya kahawa. Magurudumu yanazunguka, mtutu unapanda na kushuka, na ukitiwa baruti kidogo na utambi ukawashwa, unalia kweli. Si sanamu hiyo. Ni mzinga, ila umenywea.

Mke anafoka, mbwa wa jirani anabweka, maisha yanaendelea. Ni burudani ya mwisho wa wiki kama wengine wanavyokwenda kuvua samaki. Na sheria ya shirikisho kule Marekani haiwasumbui sana, maana silaha ya kushindilia baruti mdomoni iliyotengenezwa kwa mfano wa zile za kale, kwa kawaida inahesabiwa kuwa kitu cha kale.

Mimi kila nikiwafikiria hawa jamaa nawaza pwani ya Kilwa na Lindi. Najiuliza, kwetu mtu huyu yuko wapi? Jibu langu ni kwamba yupo, na amekuwepo muda mrefu. Ila kwetu haitwi mpenda ufundi. Kwetu anaitwa mtuhumiwa.

Tuanze na neno lenyewe kwanza, maana lina raha yake. Mzinga wa kwanza ni wa nyuki, lile gogo lililotobolewa katikati. Wazee walipoona chuma kirefu chenye tundu wakaona ni gogo lile lile, ila hili linatema moto badala ya asali. Siku hizi mjini mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali, na "kupigwa mzinga" ni kuombwa hela na rafiki yako tarehe 28. Lugha yetu haina uchoyo.

Mizinga mikubwa iliyoandikwa katika historia ya Kilwa yote ilitoka nje. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akiwa na merikebu zenye silaha, akamlazimisha Amiri Ibrahim alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida, akauteka mji na kujenga ngome. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka, lakini mji haukurudi kuwa ule uliokuwa ukishika biashara ya dhahabu ya Sofala. Gereza unaloliona leo ukivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko ni jengo la Waomani la kama mwaka 1800, lililojengwa juu ya mabaki ya ile ngome ya Mreno. (Neno "gereza" lenyewe wataalamu wengi wanalitoa kwenye neno la Kireno la kanisa. Fikiria mwenyewe safari ya neno hilo, kutoka kanisani mpaka rumande.)

Jambo linalonisumbua hapa ni kwamba Kilwa haikuwa mji wa watu wasiojua madini. Masultani wake walikuwa wakitoa sarafu za shaba kwa karne kadhaa kabla Mreno hajaonekana. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 huko visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Mkono wa fundi ulikuwepo. Lakini sarafu ni gramu chache za shaba. Mzinga wa merikebu unataka shaba au chuma kwa mamia ya kilo, tanuru la kuyeyusha yote kwa mpigo mmoja, na zaidi ya yote unataka mfalme mwenye vita vya kudumu atakayelipia majaribio yanayopasuka. Kilwa ilikuwa mji wa biashara. Vita vya aina hiyo havikuwa kazi yake.

Haya, twende karne ya 19. Kilwa Kivinje ni bandari kubwa ya pembe za ndovu na, kwa aibu yetu, ya watumwa. Misafara inashuka na pembe, inapanda na nguo, shanga na bunduki. Bunduki hizo nyingi zilikuwa takataka za majeshi ya Ulaya. Kila wazungu walipovumbua bunduki mpya, za zamani zilipakiwa melini kuletwa kwetu. (Nguo za mitumba hazikuwa mitumba ya kwanza, jamani.) Mwaka 1888 konsuli mkuu wa Uingereza kule Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Mwaka huo huo pwani ikawaka. Septemba 1888 watu wa Kilwa Kivinje waliwaua maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani waliokuja kupandisha bendera, na Wajerumani wa Lindi na Mikindani wakakimbia. Hawakurudi kusini mpaka Mei 1890, wakiwa na Wissmann, manowari na askari wa kukodiwa. Ghafla wakubwa wa Ulaya wakagundua kwamba kumuuzia mtu bunduki kuna hasara zake.

Kwa hiyo mwaka 1890 wakakutana Brussels na kutia saini mkataba. Watu wanaukumbuka kama mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na kweli ulihusu hilo. Lakini ndani yake mna vifungu vya silaha, na hivyo ndivyo vya kusoma kwa makini. Bunduki za kisasa zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoachiwa, tena chini ya usimamizi, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani Ulaya ilikaa mezani ikaamua Mwafrika anaweza kubaki na teknolojia ya babu zake Napoleon.

Gobore, ndugu zangu, ni mtoto wa mkataba huo. Tunalicheka kama ushahidi wa ushamba wetu, lakini kulikuwa na watu waliosaini karatasi ili tubaki nalo.

Na tofauti yake na bunduki ya kisasa si ndogo. Mwenye gobore anamimina baruti mdomoni, anatia risasi na kitambaa, anashindilia kwa mdeki, anaweka fataki au baruti ya kuwashia, ndipo alenge. Akienda mbio sana atapiga mara mbili au tatu kwa dakika. Bunduki ya Maxim ya Wajerumani ilitema risasi 500 hadi 600 kwa dakika hiyo hiyo. Julai 1905, wakulima wa Nandete katika vilima vya Umatumbi, wilaya hii hii ya Kilwa, waliponyanyuka na kung'oa pamba ya serikali, hesabu ilikuwa ndiyo hiyo. Mimi sishangai kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliahidi maji ya kugeuza risasi kuwa maji. Ukiwa na silaha ya kupiga mara tatu mbele ya silaha ya kupiga mara mia sita, utatafuta dawa. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita ikaendelea bila yeye.

Kuna upande wa gobore ambao hauna uhusiano na vita, na huo nadhani ndio tunaousahau tukiwa Dar. Ni nguruwe pori. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kuhusu njaa na nguruwe kule Uzaramo kabla ya Majimaji: sheria za Wajerumani za uwindaji zilibana watu kulinda mashamba yao, wanaume wakipelekwa kwenye kazi za kulazimishwa, wanawake wakibaki kupambana na nguruwe peke yao usiku. Baada ya vita wakoloni walikusanya silaha kwa wingi kusini. Watu wamekufa kwa njaa, vijiji vitupu, bunduki zimechukuliwa. Nani alifaidika? Pori na wanyama. Sehemu ya pori hilo ndilo baadaye lililokuwa Selous, ambalo eneo kubwa lake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa mkulima wa Liwale au wa kijiji cha bara ya Kilwa, gobore ni kifaa cha shamba, liko kundi moja na jembe na panga. Ndiyo maana halikufa, na mhunzi hakukosa mteja.

Sasa nije kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote, ya karakana na mzinga mkubwa.

Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, juu kidogo ya Kilwa. Waingereza walihangaika nayo miezi na miezi, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ndipo ikaangamizwa pale matopeni. Meli ikafa, lakini mizinga yake kumi ya milimita 105 ikaopolewa. Mzinga wa meli hauna magurudumu, umefungwa kwenye sitaha. Ukiutoa ni gogo la chuma la tani moja na nusu hivi, refu mita nne na ushee, lisilokwenda popote. Ikapelekwa Dar es Salaam, na karakana za huko zikaitengenezea magari ya kuibeba: ekseli, magurudumu, mikia ya kuzuia isirudi nyuma ikilipuka. Fikiria kazi hiyo. Vipuri havitoki Ulaya, meli za Waingereza zimeziba bahari (moja ya Kijerumani, Marie, ilipenya na kushusha silaha ghuba ya Sudi, Lindi, Machi 1916, lakini moja haitoshi). Kila kitu kinabuniwa pale pale.

Na magari hayo yalifanya kazi. Mizinga ile ilizunguka nchi, ikivutwa na mamia ya watu porini, na mmoja ulifika mpaka bara ya Lindi mwaka 1917, kwenye mapigano yaliyoishia Mahiwa mwezi Oktoba, vita mbaya kuliko zote katika kampeni ile. Mmoja wapo leo uko Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria. Vitabu vinakupa majina ya manahodha na makamanda. Waliofua magurudumu ni "karakana". Waliovuta kamba ni "wapagazi".

Hebu tufanye hesabu ya gereji sasa. Chukua mzinga wa Königsberg, uupunguze mara kumi kila upande, kama wanavyofanya wale jamaa wa Ijumaa. Urefu wa mita 4.2 unakuwa sentimita 42. Uzito haupungui mara kumi, unapungua mara elfu, kwa kuwa umepunguza urefu, upana na kimo. Tani moja na nusu inakuwa kilo moja na nusu. Tundu la milimita 105 linakuwa milimita 10 na nusu. Ukubali kurahisisha kitako, uujaze kwa mdomo kama wengi wao wanavyofanya, una nini mkononi? Una chuma cha kilo na nusu chenye tundu la kidole, kinachoshindiliwa baruti na kuwashwa kwa nyuma. Ukifunge kwenye kipande cha mti, ukipeleke shambani usiku. Ni gobore.

Sioni tofauti nyingine isipokuwa magurudumu na anwani ya mwenye nacho.

Sijasema kwamba kila mhunzi aruhusiwe. Magobore yameua tembo, na yameua watu. Mengi hupasuka upande wa mpigaji, kwa sababu bomba la maji halikutengenezwa kubeba baruti. Hata ile bastola ya spoku na vichwa vya viberiti ambayo wengi wetu tuliilipua siku za Idi (sielezi inatengenezwaje, wazazi mnisamehe) imetoa watu vidole. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza bunduki bila leseni, na sina ugomvi nayo. Mwaka 2022 serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, bila kushtakiwa, na magobore yalikuwa miongoni mwa zilizoletwa. Silaha za namna hiyo desturi yake ni kuteketezwa hadharani kwa moto, kamera zikipiga picha.

Hapo kwenye moto ndipo ninapotaka kusimamishwa kidogo. Kutoka katika rundo lile litolewe gobore moja la kusini. Litobolewe kitako, mtutu uzibwe kwa kulehemu, halitaua hata kunguru. Lipelekwe Kilwa, kwa watu wa mambo ya kale, ambao wana magofu yaliyomo katika urithi wa dunia tangu 1981 na wageni wanaotaka kuona kitu. Kando yake iandikwe mtutu umetokana na nini, kitako ni mti gani, lilifuliwa kijiji gani, lililinda shamba la nini. Na kama aliyelifua yupo na hana hofu ya polisi, aandikwe jina.