Elektroni za Kuonja Pumzi ya Kivu

Wengi huijua Mibirizi, nchini Rwanda, kwa kahawa iliyopandwa na mapadre mwanzoni mwa karne ya 20. Bango hili linatazama kaskazini, kwenye Ziwa Kivu. Vilindi vyake vimeficha takriban kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani, zikihesabiwa nje ya maji.

Machi 2018 watafiti walizipima gesi hizo. Miongoni mwa vifaa vyao ilikuwamo spektromita ndogo ya kubebeka. Ndani ya mashine ya aina hii elektroni huzigonga molekuli za gesi, nazo hupata chaji na kuchambuliwa kwa uzito. Kwa kawaida elektroni hizo hutoka kwenye uzi wa metali uliopashwa moto hadi kung'aa, kama balbu ya zamani. Uzi huo hula umeme, na hewa nyingi ikipenya huungua. Balaa, ukiwa katikati ya ziwa na betri moja!

Mwaka 1995, huko Lausanne, Uswisi, mwanafizikia Walt de Heer na wenzake walionyesha njia ya baridi ya kutoa elektroni. Mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, husimamishwa kama miiba. Volteji ikiwekwa, elektroni huchomoka nchani bila moto. Chanzo kizima chaweza kuenea kwenye kipande kidogo kuliko punje ya kahawa.