Zoo FC ya Kericho na kijana wa benchi

Zoo FC ni klabu ya kandanda ya Kericho, kwenye mashamba ya majani chai. Ilianza kucheza Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017, uwanja wake wa nyumbani ukiwa Green Stadium, na vijana wa Kericho na Bomet wakapata timu ya ligi kuu jirani na kwao. Mshambuliaji wa akiba huitafuta namba mazoezini: akimbie bila mpira, arudi kukaba, asinune akiachwa nje. Mwaka 2021 FIFA iliitoa Zoo ligini kwa upangaji wa matokeo. Adhabu ya klabu haichagui. Asiye na kosa huipoteza namba pia. Nasi wenye Bandari yetu tukumbuke: mechi ikiuzwa, kijana wa benchi huuzwa nayo.