Kipa wa Budapest katika lango la Barcelona

Mwaka 1922 Ricardo Zamora, golikipa kipenzi cha Wahispania, aliiacha Barcelona na kurudi Espanyol, mahasimu wa mji huohuo. Kuvaa viatu vya mtu kama huyo si jambo la kutamanika. Mwaka uliofuata Barcelona ikamkabidhi lango mgeni kutoka Budapest, Ferenc Plattkó, aliyezaliwa 1898. Wahispania walimwita Franz Platko.

Hakuwa Mhungaria pekee aliyefunga virago. Vita Kuu ilikuwa imeiacha nchi yao hoi, mkataba wa Trianon wa 1920 ukaimega, na soka yao ilibaki ya ridhaa hadi 1926. Aliyetaka mpira umlishe waziwazi alitazama nje.

Siku iliyompa jina ni 20 Mei 1928, mjini Santander, fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Real Sociedad. Platko alijitupa miguuni mwa mshambuliaji Cholín kuuwahi mpira, akala teke la kichwa. Zama hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba: kipa akiumia, mmoja wa wenzake huingia langoni na timu hubaki pungufu. Platko alitolewa damu zikimvuja, akashonwa, kisha akarudi kazini kichwa kimefungwa bendeji. Daktari wa leo angemzuia, tena kwa haki. Timu zikatoka sare ya 1-1. Marudiano nayo yakaisha 1-1, ikabidi zikutane mara ya tatu, 29 Juni, ndipo Barcelona iliposhinda 3-1.

Miongoni mwa watazamaji wa mechi ile ya kwanza alikuwamo mshairi kijana Rafael Alberti, ambaye alimtungia Platko shairi la kumsifu. Miaka mingi baadaye Gabriel Celaya, mshairi na shabiki wa Real Sociedad, alimjibu kwa shairi pia: kombe halikuletwa na Platko, bali na penalti ambazo Real Sociedad ilinyimwa. Shabiki ni shabiki, hata akiwa msomi.

Platko aligeukia ukocha, na huko ndiko alikovuna zaidi, ingawa husimuliwa kidogo. Aliipa Colo-Colo ya Chile ubingwa mwaka 1939, 1941 na 1953. Ule wa 1941 bila kupoteza mechi hata moja. Aliwahi pia kuifundisha Barcelona mara mbili, ya mwisho msimu wa 1955–56. Alifia Santiago, Chile.