Kicheko cha Mpakani: Hadithi za Uhalifu wa Kuchekesha Zikipimwa kutoka Arua na Koboko

Wahakiki wengi huiweka pembeni hadithi ya uhalifu yenye vichekesho. Huiona ni burudani ya msomaji aliyechoka, au kimbilio la mwandishi aliyeshindwa kuandika riwaya nzito. Makala hii inapinga mtazamo huo. Ninadai kwamba kicheko katika hadithi hizi ni njia ya kutoa hukumu, na kwamba kinavutia zaidi pale ambapo watu wamejifunza, kwa gharama kubwa, kuwa kuvunja sheria na kutenda uovu ni mambo mawili. Kwa sababu hiyo sikuanzia London wala New York, miji inayotajwa kila riwaya ya uhalifu inapojadiliwa. Nimeanzia West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako Kongo na Sudan Kusini zi karibu kiasi kwamba mtu wa Koboko aweza kununua chumvi katika nchi moja na kuipikia katika nyingine.

Historia ya eneo hili yenyewe imejaa vituko vya namna hiyo. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, ng'ambo ya magharibi ya Nile, kwa muda wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka uliofuata eneo likakabidhiwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini, ambamo leo zimo Arua na Koboko, ikahamishiwa Uganda. Familia za Walugbara na Wakakwa zilijikuta chini ya tawala tatu ndani ya miaka mitano hivi bila kuhamisha jiko. Katika mvurugano huo wawindaji wa Kizungu, akiwamo John Boyes, walimiminika kuua tembo. Pembe ileile ilikuwa mali halali au mali ya wizi kutegemea ilikamatiwa ng'ambo ipi ya mto. Watu walioiona serikali ikiingia kwa namna hiyo hawawezi kulaumiwa wakikosa kuamini kwamba sheria imeshuka kutoka mbinguni.

Kilichofuata karne hiyo hakikuwapa sababu ya kubadili mawazo. Baada ya Idi Amin, aliyekuwa na asili ya eneo hili, kuangushwa mwaka 1979, askari wa serikali mpya waliwalipizia kisasi wakazi wa West Nile, na umati wa watu ukakimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981 askari hao waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombachi, karibu na Arua. Waliorudi baadaye katika miaka ya 1980 walikuta mashamba yamekuwa pori na kazi za mshahara hazipo. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa njia za mpakani na jamaa waliobaki upande wa pili. Biashara iliyoota hapo imechunguzwa na Kate Meagher, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1990, na baadaye na Kristof Titeca. Titeca ndiye aliyewaandika kwa kina vijana wa Arua waliouza petroli ya magendo kwa madumu kando ya barabara. Vijana hao walijiita OPEC Boys, wakijipa jina la umoja wa mataifa yanayouza mafuta duniani.

Jina hilo linastahili kuzingatiwa. Kijana mwenye dumu moja na mrija wa kufyonzea mafuta, aliyesimama juani akichungulia kama askari wa kodi wanakuja, anajiweka meza moja na mawaziri wa mafuta wa Saudi Arabia na Venezuela. Anajikweza kwa mzaha, na papo hapo anauliza swali zito: kati yake na wao, nani hasa anayepanga bei kwa hila? Titeca anaonyesha kuwa wakazi wengi waliwaona vijana hawa kama watu wanaotafuta riziki, na kwamba wanasiasa waliwaendea wakati wa uchaguzi. Aliyefukuzwa barabarani mwezi huu alibembelezwa mwezi ujao. Mwandishi mwenye kipaji akipewa hali hiyo hahitaji kuongeza chumvi.

Sasa tuitazame nadharia. Mshairi W. H. Auden, katika insha yake ya mwaka 1948 iitwayo "The Guilty Vicarage", aliifafanua hadithi ya upelelezi kuwa hadithi ya jamii isiyo na hatia inayochafuliwa na mauaji, kisha mpelelezi anamtoa mkosaji na usafi wa mwanzo unarejea. Maelezo hayo yanavifaa vijiji vya Agatha Christie. Yanahitaji, hata hivyo, msomaji anayeamini kwamba kulikuwa na usafi wa kurejea, na kwamba anayekuja kuurejesha hakuhusika kuuvunja. Msomaji ambaye wazazi wake walikimbia mwaka 1980 na kulala porini ng'ambo ya mpaka ana haki ya kuuliza ni usafi upi. Hadithi ya upelelezi iliyokunja uso inamtaka akubali sharti ambalo maisha yake yamelikanusha. Ile ya kuchekesha haimpi sharti hilo. Inamruhusu afurahie taharuki, mbio na fumbo, na bado ashikilie shaka yake.

Fasihi ya Kiswahili ililijua jambo hili mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomtoa mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, alimwazima Sherlock Holmes kiko na akili ya kuunganisha dalili, lakini hakuazima ubaridi wake. Katika vitabu vyake ukweli hupatikana barazani, katika mazungumzo ya kutaniana, na mara nyingi ufunguo wa fumbo ni siri ya ukoo kuliko alama ya kidole. Kwangu Abdulla ni mkubwa kuliko waliomfuata kwa kasi na bastola. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974, ni jasusi shujaa anayeitumikia dola bila kuitilia shaka. Anasisimua, nami nakubali. Lakini huwezi kumpeleka Willy Gamba Ariwara, upande wa Kongo, siku ya soko akakuelezea chochote cha maana kuhusu mama anayevusha madebe ya mafuta ya kula.

Kwa nini basi uhalifu na kicheko hushikamana vizuri hivi? Jibu langu liko katika mpango. Taharuki na kichekesho vyote hutegemea kusubiri: msomaji anajua kinachotakiwa kutokea, na anangoja kuona kama kitatokea. Mpango wa wizi ukifaulu bila kasoro, msomaji anavutiwa kidogo tu. Ukiharibika, anaogopa na kucheka kwa pumzi moja. Donald Westlake wa Marekani aliijenga riwaya yake *The Hot Rock*, ya mwaka 1970, juu ya hilo: Dortmunder na wenzake wanalazimika kukiiba kito kilekile tena na tena kwa sababu kila mara kinawaponyoka. Kito chenyewe kinagombaniwa na nchi mbili za Afrika, za kubuni, zilizozaliwa kutokana na koloni moja lililogawanywa. Westlake alilitumia wazo hilo kama kisingizio cha kuanzisha hadithi, akalipita haraka. Mwandishi wa Koboko angelianza hapo alipopita yeye, maana ugomvi wa mali kati ya nchi mbili zilizokatwa kwa rula ndio habari yenyewe.

Katika miji ya Uganda, kwa wengi, mlango wa kuingilia hadithi za namna hii umekuwa kibanda cha video kuliko maktaba. Humo anakaa mfasiri wa filamu, VJ, ambaye anapunguza sauti ya filamu na kusimulia juu yake. Dar es Salaam walimjua Lufufu, Nairobi wana DJ Afro. Kazi ya watu hawa haijaheshimiwa inavyostahili. Filamu ya polisi wa Los Angeles, iliyotengenezwa kwa uzito wote, inapita mdomoni mwa VJ na kutoka ikiwa kichekesho. Anampa jambazi jina la mtaani, anamuonya shujaa, anamsuta askari aliyechelewa. Watazamaji wanapata simulizi mbili kwa wakati mmoja: iliyo kwenye kioo, na hukumu juu yake. Nabwana Isaac wa Wakaliga, Kampala, aliiingiza sauti hiyo ndani ya kazi yenyewe. *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa fedha kidogo mno, na toleo linalozunguka duniani lina maelezo ya VJ Emmie mwanzo hadi mwisho. Kapteni Alex anauawa, na filamu inakwisha bila kumtaja muuaji. Watu wa nje huona hilo kama kasoro ya kuchekesha. Mimi naona ni uamuzi sahihi kabisa kwa nchi ambamo maswali mengi ya aina hiyo hayakujibiwa.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu linatoka Koboko kwenyewe. Baba yake Idi Amin alikuwa Mkakwa wa huko, na Amin alipotawala dunia ya magharibi ilimcheka. Alan Coren aliandika katika jarida la *Punch* la London taarifa za kubuni za Amin kwa Kiingereza kilichovunjwa, nazo zikakusanywa kuwa kitabu mwaka 1974, wakati watu wanauawa. Hicho nacho kilikuwa kichekesho cha uhalifu. Kiliuzwa, kilipendwa, na kilikuwa kibaya. Mark Leopold, aliyeandika *Inside West Nile* mwaka 2005, ameonyesha jinsi watu wa eneo hili walivyobebeshwa sura ya ukatili ambayo wageni walikuwa wameichora muda mrefu kabla ya Amin. Mzaha wa *Punch* ulimfanya muuaji aonekane zuzu, ukamfanya kila mtu wa kwao aonekane kama yeye, na waliouawa hawakuwamo kabisa.

Kwa hiyo sidai kwamba kila kicheko ni hukumu ya haki. Kipimo ninachokipendekeza ni umbali na mwelekeo. Kicheko cha OPEC Boys kinatoka karibu na kinaelekea juu. Cha *Punch* kilitoka mbali na kikaelekea chini. Hadithi bora ya uhalifu wa kuchekesha hucheka mpango, cheo, sare na tamaa, kisha hunyamaza mbele ya maiti. *Viva Riva!* ya Djo Tunda Wa Munga, iliyotoka mwaka 2010, inamfuata kijana anayeingia Kinshasa yenye uhaba wa mafuta akiwa na shehena ya petroli ya wizi kutoka Angola. Ina nyakati za kuchekesha sana, lakini haimfichi mtazamaji bei inayolipwa. *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012 inamfanya mtazamaji amcheke Mwas, mshamba anayeibiwa mara tu anapofika jijini, hadi bunduki za polisi zinapokikatiza kicheko hicho. Kazi zote mbili hazimgeuzi mhalifu kuwa jambazi mtukufu wa aina aliyoieleza Eric Hobsbawm katika *Bandits* mwaka 1969. Mhalifu wao ni mtu wa kawaida aliyekosea hesabu, na hilo ndilo linalomfanya afanane nasi.

Linalonisikitisha ni kwamba Kiswahili, ambacho West Nile imekijua kupitia jeshi, biashara na Uislamu, na kinachosikika Arua na Koboko sambamba na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Lingala, bado hakijapata riwaya maarufu ya mpaka huu. Kusini mwa Uganda wengi wamekisikia kama lugha ya askari na ya mwizi. Huku kimekuwa pia lugha ya mnunuzi na muuzaji, kwa hiyo kinaweza kumsemesha mlanguzi, ofisa wa forodha, mama wa sokoni na mwanasiasa bila kumpa yeyote upendeleo. Katiba ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi hao watahitaji kitu cha kusoma wapendacho. Nawasihi wachapishaji wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam watangaze shindano la miswada ya riwaya za uhalifu wa kuchekesha kutoka West Nile, na Chuo Kikuu cha Muni kilichopo Arua kianze kurekodi masimulizi ya waliofanya biashara ya mpakani kabla wazee hao hawajaondoka.