Jinsi Tulivyoingia Katika Mambo ya Nyumba



Wenzetu wameandika humu habari za hisa na mikopo. Sisi wa uongozi tumepewa sehemu ya nyumba, ambayo ndiyo imetuletea ugomvi kuliko zote katika miaka hii kumi. Tutaieleza kama ilivyokuwa.

Tuanze na mama zetu. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, walihamishwa kwenye miji yao wakapangwa kwa mistari. Wengi wetu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Hawakuulizwa mlango utazame wapi wala ng'ombe walale wapi. Benki ya Nyumba ilikuwepo tangu 1972, lakini mikopo yake haikumfikia mwanamke wa kijijini, na mwaka 1995 ikafungwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaandika kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume kupata na kumiliki ardhi. Basi haki tukawa nayo. Hela na mtu wa kutuelekeza ndivyo tulivyokosa.

Mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, na Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012, watu walijaa mjini. Kwenye kikundi chetu wapo mama lishe, wauza nanasi na waliokuwa wakiponda mawe ya dhahabu, na wengi ni wapangaji. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukiugua mwezi mmoja, vyombo viko nje.

Mwaka wa tatu tukasema tununue kiwanja chetu. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilikuwa la uongozi. Tulimlipa mtu nusu ya bei kabla ya kumwuliza mpimaji yeyote. Kumbe sehemu kubwa ya eneo lile ilikuwa hifadhi ya barabara! Tulirudishiwa kidogo kidogo, tena si yote. Wanachama saba walitoka. Tunasema wazi kwamba walikuwa na haki ya kukasirika.

Baada ya hapo tukaanza kuulizia waliofaulu walifanyaje. Tulisikia habari za Kurasini, Dar es Salaam. Mnamo 2007 na 2008 maelfu ya watu walitakiwa kuondoka kupisha upanuzi wa bandari. Wapangaji hawakuwa na fidia ya nyumba. Lakini walikuwepo watu wa vikundi vya akiba, wengi wao akina mama, chini ya Shirikisho la Watu Maskini wa Mijini, na walikuwa wakishauriwa na shirika la CCI lililoanza mwaka 2004. Walichanga wakanunua ekari 30 kule Chamazi kwa shilingi milioni 24.

Kilichotugusa ni namna walivyoshauriwa. Wataalamu walikuta watu tayari wana daftari la akiba. Kipimo cha kawaida cha kiwanja kidogo kilikuwa mita za mraba 400, na kwa wachangaji wale hicho kilikuwa kikubwa mno. Wataalamu wakasimama nao kuomba serikali ikubali viwanja vidogo zaidi. Nyumba ikapangwa ijengwe kwa hatua, unaanza na sehemu ndogo na kuongeza ukipata. Tofali za kufungamana walizifyatua hapo hapo, zile zisizotaka saruji nyingi katikati. Kabla yao, mwaka 1989, Mama Tabitha Siwale aliyewahi kuwa waziri alianzisha WAT kusaidia wanawake katika mambo ya ardhi na nyumba. Kwa hiyo ushauri wa namna hii si kitu kigeni hapa nchini, ila kufika kwetu Geita ni safari ndefu.

Sisi tulimpata fundi mstaafu na kijana mpimaji, wakakubali kulipwa nauli na chakula. Fundi alileta mchoro mzuri, nasi tukapiga makofi. Kisha bibi mmoja akasema haoni kitu kwenye karatasi. Tukachukua kamba na majivu, tukaichora nyumba uwanjani kwa ukubwa wake halisi. Tukaingia ndani. Kitanda kikaingia, kabati likakosa nafasi. Jiko lilikuwa limepangwa karibu na sebule, na sisi tunapikia kuni! Fundi alicheka, akafuta kwa mguu, jiko likaenda nyuma. Siku ile gharama ilipungua, maana vyumba viwili ambavyo hakuna aliyevihitaji viliondolewa.

Sasa hatutoi hela ya ardhi kabla mpimaji hajaenda kuona, ofisi ya ardhi haijaulizwa, na majirani wa mipaka hawajaitwa. Wengine wanalalamika kwamba tunachelewa na bei inapanda. Ni kweli inapanda. Eneo la pili tuliloliona liliuzwa kwa mtu mwingine wakati sisi bado tunaulizia, na lawama hiyo pia tumeipokea.

Eneo la tatu limeshapimwa, na bado tunamalizia malipo. Daftari la nyumba ni tofauti na la hisa, na liko kwa mweka hazina. Mwanachama ambaye hajajiandikisha aje siku ya kikao aseme anataka kuanza na vyumba vingapi. Ile kamba bado tunayo, na majivu kila mtu anayo kwake.